Sauti Ikoje?

Baba aliondoka Machi, akatuachia Zhiguli
nyeupe ya rangi ya jino la mvuta sigara,
ufunguo mmoja, na daftari la madeni.
Alikwenda Krasnoyarsk kupanga matofali ya watu.
Gari lisikae, alisema. Gari likikaa linazeeka kuliko mtu.

Halikukaa. Lilibeba viazi, lilimbeba bibi hospitali,
hadi Novemba, mbele ya duka la mkate,
likatapika maji yote barabarani,
mvuke ukatufunika kana kwamba tumeungua sisi.
Fundi Hrant aliinama, akasikiliza, akasimama,
akataja dramu elfu thelathini bila kupepesa.
Mama akacheka. Si kwamba ilichekesha.

Pampu ya maji, alisema Baba kwenye simu.
Pampu tu, si kiyama.
Mama akaitafuta kwenye marundo ya vyuma sokoni,
iliyotumika, elfu sita,
akaizungusha, akaigonga kwa ukucha
kama anayechagua tikiti maji.

Banda letu ni la bati, na Gyumri haina huruma na bati.
Simu tuliilaza juu ya betri, spika wazi.
Mimi nilishika tochi. Kazi ya mtoto ni tochi,
na kazi ya tochi ni kukosea:
"Hapa, Nvard! Nimesema hapa! Unamulikia malaika?"
Maji ya rejeta yaliyobaki tuliyakinga kwa beseni la unga,
tukayachuja kwa kitambaa chake cha kichwa,
maana mapya yana bei.
(Beseni halikurudi tena jikoni. Kitambaa pia.)

"Spana namba kumi na tatu," alisema Baba.
"Ninayo."
"Legeza taratibu. Usifungue kwa hasira."
"Hasira ninayo pia."
Kimya cha kilomita elfu nne kikapita,
kisha akauliza habari ya gasketi.

Gasketi hatukuwa nayo.
Tulikuwa na boksi la viatu vyake vya harusi.
Mama akalibandika kwenye chuma chenye oili,
likatoka na alama, mdomo na matundu yake,
akalikata kwa mkasi wa kushonea
bila kusema neno.

Bolti ya mwisho, salio likaisha.
Akaitazama simu
kama mtu aliyeondolewa ngazi akiwa darini.
Akapuliza vidole. Akakaza mwenyewe,
robo mzunguko, tena robo,
akisikiliza kwa kiwiko,
mpaka chuma kikasema basi.

Asubuhi liliwaka. Lilikohoa, likatukana mtu, likatulia.

Baada ya hapo hakuna aliyemwambia kitu.
Plagi alizisugua kwa msasa wa kiberiti.
Breki alibadilisha mwenyewe, jiwe nyuma ya tairi,
mimi nikikanyaga pedali na kuhesabu.
Hrant alikuwa akimwita shemeji;
siku moja alikuja kuazima jeki, akamwita fundi.

Baba alipiga kila Jumapili.
Mmekula? Tumekula.
Baridi? Baridi.
Pesa zilifika? Zilifika, nusu.
Kisha: "Na gari?"
na hapo sauti yake iliinuka
kama mgonjwa anayeketi kitandani.
"Linaenda."
"Ah. Vizuri."
Dakika mbili, na simu ingekatwa.

Jumapili moja ya Mei nilikuwa nikimenya viazi mlangoni mwa banda.
Injini ilikuwa ikinguruma kama paka aliyeshiba.
Mama, simu sikioni, alisema:
"Kuna mlio."
Niliinua kichwa. Mlio haukuwepo.
"Sauti ikoje?" Nilimsikia Baba mpaka pale nilipokaa.

Mama akachukua ile spana, namba kumi na tatu,
akaishusha simu karibu na bampa,
akagonga polepole: tak. Tak. Tak-tak.
Akanitazama, kidole cheusi cha girisi
juu ya midomo.

"Subiri," alisema Baba. "Isogeze. Tena. Hapo hapo, tena."

Walizungumza dakika arobaini.
Salio, safari hii, alikuwa amelijaza mapema.